Gari Limesimama, Dereva Yuko Kazini

Kifungu cha 66A cha Sheria ya Trafiki ya Kenya, kilichoingizwa mwaka 2012, kinakataza mtu kuendesha gari la abiria au la kibiashara kwa zaidi ya saa 8 katika muda wa saa 24. Mwenye gari anayemruhusu dereva wake avuke kiwango hicho naye ana hatia. Msomee kifungu hicho dereva wa kanta anayebeba maembe kutoka Wote hadi soko la Wakulima jijini Nairobi, naye atakuapia kwamba hajawahi kukivunja. Atakuwa anasema kweli. Safari hiyo ni ya kilomita mia na ushee tu. Kwenda na kurudi, hata ukiongeza foleni ya Mlolongo, usukani hauli saa 8.

Sasa muulize alitoka nyumbani lini. Saa mbili asubuhi alikuwa tayari shambani upande wa Kathonzweni, akizunguka na broka kutoka mti wa huyu hadi mti wa yule. Wachumaji hawakuwa wametimia. Maembe yakachumwa, yakachaguliwa, yakabishaniwa bei, yakapakiwa, na saa moja jioni ndipo turubai lilipofungwa. Akafika Nairobi kabla ya usiku wa manane, akaegesha, akalala kwa jicho moja kwa sababu mzigo uko wazi na ukipungua atauliziwa yeye. Alfajiri soko likaamka. Broka akauza polepole, akipima bei, hadi kama saa nne. Dereva akaingia Wote saa nane mchana. Hiyo ni siku moja na saa sita nyingine juu yake, na kati ya saa hizo 30 ni kama 7 tu alizokuwa ameshika usukani.

Malipo? Kwa safari. Ndivyo ilivyo kwa maembe na machungwa ya Makueni, kwa ndengu za Kitui, kwa mchanga, kokoto, matofali, na kwa maboza ya maji yanayotafutwa sana wakati wa kiangazi. Mwenye gari na dereva wanakubaliana bei ya safari, mara nyingi kwa simu, na ndani ya bei hiyo humo humo mna chakula, na pengine cha tanboi. Saa hazitajwi kabisa. Mkataba wa namna hii unapendwa na pande zote mbili kwa kuwa ni mwepesi kueleweka. Ubaya wake ni kwamba unaficha kitu ambacho dereva anakiuza kwa wingi kuliko uendeshaji wenyewe, nacho ni kungoja.

Tufanye hesabu, na iwe wazi kwamba bei ya safari hapa ni mfano wangu, si takwimu ya mtu. Tuseme dereva wetu analipwa shilingi 1,500 kwa safari na anapiga safari tatu kwa wiki. Ukigawanya kwa saa za usukani, anapata zaidi ya shilingi 200 kwa saa, na mwenye gari ataona amelipa vizuri. Ukigawanya kwa saa zote 30, anapata shilingi 50. Kwa mwezi atakusanya kama shilingi 19,500. Ukiilinganisha na kima cha chini cha kibarua wa Nairobi, ambacho kilifika shilingi 16,000 na kidogo baada ya nyongeza ya asilimia 6 ya Novemba 2024, utaona hana la kulalamikia.

Ila kibarua huyo wa Nairobi amewekewa saa. Amri ya jumla ya mishahara inataja saa 52 za kazi kwa wiki, zikigawanywa katika siku sita. Kinachozidi hulipwa mara moja na nusu, na siku ya mapumziko mara mbili. Tena kuna dari: saa za kawaida na ovataimu zikijumlishwa zisipite 116 katika wiki mbili mfululizo. Dereva wetu wa safari tatu ana saa 90 kwa wiki, yaani 180 kwa wiki mbili. Amepita dari hiyo kabla wiki ya pili haijafika katikati.

Kuna hesabu nyingine inayoniudhi zaidi. Amri za mishahara huigawa nchi katika ngazi tatu: majiji makubwa, kisha zile zilizokuwa manispaa pamoja na miji michache iliyotajwa kwa jina kama Mavoko, kisha kwingineko kote. Mji wa Kitui, uliokuwa manispaa, unaingia ngazi ya pili. Wote, Emali, Kibwezi na Mutomo ziko ya tatu, ambako kima cha kibarua asiye na ujuzi wowote kilifika takriban shilingi 8,600 kwa mwezi baada ya nyongeza hiyo ya 2024, karibu nusu ya kile cha Nairobi. Mchukue kibarua huyo wa ngazi ya chini kabisa, umpe saa 90 kwa wiki, umlipe ovataimu kama sheria inavyotaka. Atapata zaidi kidogo ya shilingi 4,100 kwa wiki. Dereva wetu, mwenye leseni anayoilipia na dhamana ya gari la mamilioni, amepata 4,500, na chakula amejinunulia. Leseni yake, ujuzi wake na macho yake mekundu vina thamani isiyofika shilingi mia nne kwa wiki.

(Na kanta hiyo moja, kwa usiku mmoja, inatoka ngazi ya tatu Wote, inapita ya pili Machakos na Mavoko, inaishia ya kwanza Nairobi. Dereva anabaki kwenye ngazi ya nyumbani. Anayenunua embe ndiye aliye kwenye ya kwanza.)

Wenye magari wana jibu lao, na si la kupuuzwa. Wengi wao si matajiri: ni mwalimu aliyechukua mkopo wa sacco, mwenye hadwea, mkulima aliyeuza ng'ombe akaongezea. Mwaka 2023 Sheria ya Fedha ilipandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, na kufikia Septemba mwaka huo dizeli ilikuwa imepita shilingi 200 kwa lita jijini Nairobi. Bei ya safari haikupanda kwa kasi hiyo, maana broka akiambiwa bei mpya huvuka barabara akaongea na mwenye kanta mwingine. Pia wanasema, na madereva wenyewe wanakubali, kwamba malipo ya mwezi yangewaumiza wote wawili. Msimu wa maembe unashika Novemba hadi Machi. Ndengu zinavunwa baada ya mvua za mwisho wa mwaka, Januari na Februari. Baada ya hapo kuna miezi ambayo gari linakaa chini ya mwarobaini, na hakuna mwalimu atakayelipa mshahara wa dereva anayelinda kivuli.

Nakubali. Ndiyo maana sioni faida ya kuhubiri kwamba kila dereva wa kanta apewe mshahara wa mwezi. Shida ni pana kuliko mwenye gari na dereva, kwa sababu mwenye gari naye halipwi kwa kungoja. Anayefaidi ni mtu wa tatu. Sokoni hakuna vyumba vya baridi vya kumtosha broka, na mashambani hakuna vituo vingi vya kukusanyia matunda mapema yakangoja gari badala ya gari kuyangoja. Kwa hiyo kanta inageuzwa ghala la usiku, dereva anageuzwa bawabu wake, na wala ghala wala bawabu hawana bei. Broka anaweza kuchelewesha upakiaji saa nne akibishania shilingi mbili za kila embe, kwa kuwa saa hizo nne hazimgharimu chochote. Zingemgharimu, angepanga wachumaji wake tangu jana.

Kwenye mchanga hali ni hiyo hiyo, ila kwa sura nyingine. Miongozo ya kitaifa ya uvunaji wa mchanga ya NEMA, ya mwaka 2007, ilitaka kazi hiyo ifanyike mchana, kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Kitui ikatunga sheria yake ya mchanga wa mito mwaka 2013. Makueni, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, ikatunga yake mwaka 2015, ikaunda mamlaka ya kusimamia mchanga na kubana usafirishaji wake nje ya kaunti. Ilikuwa hatua ya lazima. Mito ya Ukambani ni ya msimu, na mchanga ndio unaohifadhi maji yanayochimbwa kwa mikono kiangazi kikifika. Mchanga ukiisha, kisima kimeisha.

Sheria hizo zilipobana saa na mipaka, ziligawa kazi ya tipa mara mbili. Ipo ya mchana, ya halali na ya masafa mafupi, kutoka mtoni hadi kwenye mjengo wa Wote au Kitui mjini. Hapa safari ni fupi, kwa hiyo kipato kinatokana na wingi wa safari, na adui wa wingi ni foleni ya mtoni. Maloda wanajaza kwa koleo, tipa zinasubiri zamu, na dereva aliyepoteza saa mbili kwenye foleni atazitafuta barabarani. Watu wanaolalamikia mwendo wa tipa karibu na shule huwa wanaiona sehemu hiyo ya mwisho peke yake. Kuna njia nyingine ya kufidia muda uliopotea, nayo ni kupakia zaidi. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari inaruhusu tani 18 kwa lori la ekseli mbili na 26 kwa la ekseli tatu, gari na mzigo pamoja. Mchanga mbichi ni mzito kuliko mkavu, na macho hayaoni tofauti. Mizani ya kudumu iko mbali, Athi River na Mariakani, kwa hivyo barabara za ndani za kaunti zinabeba kile ambacho barabara kuu ingekikataa.

Kisha ipo ya usiku, ya kwenda nje, inayolipa zaidi. Mwenye gari hulipa zaidi kwa sababu anajua kitakachotokea gari likikamatwa: atakayelala seli ni dereva na tanboi. Nyongeza ile ni bei ya hatari iliyonunuliwa kwa mtu asiye na uwezo wa kuikataa. Kitui ilishuhudia mapema mwaka 2018 hatari hiyo ikifika mwisho wake. Gavana Charity Ngilu alipiga marufuku usafirishaji wa makaa na mchanga kutoka kaunti, na Februari lori la makaa likachomwa moto. Wafanyabiashara wa makaa wa Kiambu wakaandamana, mambo yakachukua sura ya kikabila, na Tume ya Utangamano ikaingilia. Mjadala wote ulikuwa juu ya magavana, miti na makabila. Sikumbuki mtu aliyeuliza dereva wa gari kama lile huwa amepewa kiasi gani ili akae nyuma ya usukani huo.

Barabara zimeboreka, hilo halina ubishi. Lami ya Kibwezi, Mutomo, Kitui hadi Migwani, kama kilomita 192, imebadilisha maisha ya Kitui Kusini. Lakini angalia faida ilikokwenda. Safari iliyokuwa ya mchana kutwa kwenye vumbi ikawa ya saa chache, na kwa kuwa malipo ni ya safari, ilitegemewa dereva anufaike kwa kufika nyumbani mapema. Muda uliookolewa na lami umemezwa na mambo mawili: safari ya pili inayopachikwa siku hiyo hiyo, na broka anayechelewa zaidi kwa kuwa sasa anajua gari litafika tu. Lami imefupisha saa za usukani na kuongeza saa za kungoja. Dereva anabaki amechoka vile vile, ila sasa anachoka akiwa na mwendo wa kilomita 80 kwa saa.

Uchovu huo una dawa inayojulikana, na inatoka jirani. Muguka wa Mbeere unauzwa kila kituo kuanzia Mwingi hadi Emali. Magavana wa Mombasa na Kilifi walipoupiga marufuku Mei 2024 walizungumza juu ya vijana na afya ya akili, na nina hakika walikuwa na sababu. Kwa dereva wa usiku, muguka ni kifaa cha kazi anachokinunua mwenyewe, kama anavyonunua chai.

Wengine walishalipitia jambo hili la malipo na uchovu. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 561 ya mwaka 2006 haikutosheka na kuweka saa 9 za kuendesha kwa siku na mapumziko ya dakika 45 kila baada ya saa nne na nusu. Ibara yake ya 10 inakataza kampuni kumlipa dereva kwa kufuata umbali au wingi wa mzigo, ikiwa malipo hayo yanahatarisha usalama barabarani. Huko waliona kwamba huwezi kumwambia mtu apumzike huku mfuko wake ukimwambia akimbie. Marekani ilikwenda njia nyingine. Huko madereva wengi wa malori wametengwa na haki ya ovataimu ya sheria ya kazi ya mwaka 1938, na wengi hulipwa kwa maili. Januari 2018 mkaguzi mkuu wa wizara yao ya uchukuzi alikadiria kwamba kila dakika 15 zinazoongezeka kwenye wastani wa muda wa gari kukaa mahali pa kupakia au kushusha huongeza kiwango cha ajali kwa asilimia 6.2. Ajali zinazoandikwa kwenye ripoti kuwa za mwendo kasi zinaweza kuwa zilianzia kwenye lango la ghala, gari likiwa limezimwa. Hiyo ni nchi yenye vyumba vya baridi na miadi ya kupakia. Sina sababu ya kuamini kwamba Kathonzweni iko salama zaidi.

Wapo watakaosema dereva aliyengoja usiku kucha alikuwa amelala, na mtu aliyelala hafanyi kazi. Lakini aliyelala juu ya magunia ya ndengu ya mtu mwingine, asiyeruhusiwa kwenda kulala kitandani, na anayekatwa pesa gunia likipotea, yuko mikononi mwa mwajiri wake. Makato yenyewe yana mipaka: Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu kukata kiasi cha haki kwa mali iliyopotea au kuharibika kwa makusudi ya mfanyakazi. Tairi lililopasuka kwa sababu limekwisha si makusudi ya mtu yeyote, isipokuwa pengine ya aliyekataa kulinunua jipya.

Sheria hiyo hiyo ina silaha ambayo madereva wetu hawaitumii. Kifungu cha 37 kinamgeuza kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi au zaidi kuwa mfanyakazi mwenye haki za kawaida, hata kama analipwa kwa siku. Kifungu cha 10 kinamtaka mwajiri aandike masharti ya kazi, na mgogoro ukifika mahakamani bila maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha masharti unamwangukia mwajiri. Kwa hiyo ile hali ya kutokuwa na karatasi, ambayo madereva hudhani inawamaliza, kisheria inammaliza bosi. Ujumbe wa M-Pesa wa kila safari, wenye tarehe na kiasi, ni ushahidi mzuri kuliko barua nyingi nilizowahi kuona zikipelekwa ofisi ya leba. Muda wa kudai ni miaka mitatu. Na Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini, ambayo Mahakama ya Juu iliiidhinisha Desemba 2019, haimtengi kibarua: akifa kazini, fidia inahesabiwa kwa mapato ya miezi 96. Ugumu ni kwamba miezi hiyo 96 huhesabiwa kwa mapato yaliyothibitishwa, na anayelipwa kwa noti bila alama yoyote anaiachia familia yake mabishano.

Vyama vya madereva vipo, lakini macho yao yako kwenye barabara kuu ya Mombasa hadi Malaba, na naelewa kwa nini. Walipigana vita vya reli ya SGR, iliyoanza kubeba makasha mwaka 2018 na kuziachia Emali, Makindu na Mtito Andei maegesho matupu hadi Rais Ruto alipobatilisha agizo lililolazimisha mizigo ipande reli hiyo Septemba 2022. Walipigana na foleni za vipimo vya korona mpakani mwaka 2020. Dereva wa kanta asiyevuka mpaka wowote isipokuwa wa kaunti haonekani kwenye ramani hiyo.

Anaonekana, hata hivyo, kwenye daftari moja ambalo hakuna anayelisoma kwa nia hiyo. Kila gari lililobeba mazao au mchanga likifika kwenye kizuizi cha ushuru, mtu wa kanjo hutoa risiti yenye namba ya gari, aina ya mzigo na tarehe, na pale zinapotumika mashine, saa pia. Kaunti zinakusanya karatasi hizo kwa ajili ya fedha. Zikipangwa kwa namba ya gari, zinaonyesha gari gani limepita mara nne kwa wiki na lilipumzika saa ngapi kati ya safari. Masuala ya kazi ni ya serikali ya kitaifa, najua, na kaunti haiwezi kumshtaki mwajiri kwa ovataimu. Inaweza kumpa ofisa wa leba nakala.

Inaweza pia kuanza na mizigo yake yenyewe. Kiwanda cha kusindika matunda cha Kalamba ni cha kaunti ya Makueni, nayo pamoja na Kitui huagiza mchanga, kokoto na maji kwa zabuni zao. Katika kila zabuni ya namna hiyo panatosha kuandikwa kwamba saa mbili za kwanza za kupakia au kushusha ni bure, na kila saa inayofuata ina bei, sehemu yake ikienda kwa mwenye gari na sehemu ikitumwa moja kwa moja kwenye simu ya dereva. Mwenye kanta hatapinga, maana naye atalipwa kwa mara ya kwanza kwa gari lake kugeuzwa ghala. Watakaopinga ni wasimamizi wa mjengo na wapokezi wa mizigo, kwa kuwa itabidi wafike kazini kabla ya gari. Sheria mpya haihitajiki. Panahitajika mstari mmoja kwenye mkataba wa uchukuzi, na mlinzi wa lango mwenye kitabu cha kuandika saa gari lilipoingia na saa lilipotoka.